"Muda ni Mali": Wahenga Gani Waliosema?

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha anaufahamu mwanzo huu: "Wahenga walisema muda ni mali." Mada yaweza kuwa usafiri wa mjini, kilimo cha kahawa, mitihani au simu za mkononi, wahenga wataitwa tu, waje kulifungua lango la insha, kisha waende zao wasionekane tena mpaka aya ya mwisho. Hatuna ugomvi na wanafunzi wetu kwa hilo, kwa sababu ni sisi walimu tuliowafundisha kwamba insha nzuri hupambwa kwa methali. Lakini katika makala haya tungependa kuwauliza wasomaji wetu swali ambalo halimo katika mitihani: wahenga hao ni akina nani, na waliyasema hayo lini?

Kwa methali nyingi swali hilo halijibiki, wala si lazima lijibiwe. Hakuna ajuaye nani alikuwa wa kwanza kusema "Haraka haraka haina baraka", wala aliyemwonya mwenzake kwa "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". "Wakati ni ukuta, ukishindana nao utaumia" nao ni ukuta usiojulikana fundi wake. Methali hizo ni mali ya wote kwa sababu hazina mwenyewe. "Muda ni mali" ni kesi nyingine. Msemo huu una miaka yake, una miji yake, na una kitabu ulimochapishwa. Anayesema kwamba ni hekima ya wahenga wa Kiswahili anafanya sawa na yule anayemtaja mgeni kuwa mzee wa mji kwa kuwa tu amemkuta amekaa barazani.

Jibu ambalo wengi hulitoa ni Benjamin Franklin. Bwana huyu alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, wakati huo nchi hiyo ikiwa bado chini ya Uingereza. Alijifunza kazi ya uchapaji akiwa kijana, akahamia Philadelphia, akatajirika kwa magazeti na almanaka, kisha akawa mwanasayansi wa umeme na mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 42, alimwachia mshirika wake David Hall shughuli za kiwanda cha uchapaji. Mwaka huo huo walichapa kitabu cha mafunzo kwa vijana kilichobeba jina la George Fisher, kitabu cha kufundisha hesabu, kuandika barua na mambo mengine ya kazi. Ndani yake Franklin alitia barua fupi ya nasaha kwa kijana anayeanza ufundi na biashara, akajiita mzee wa kazi hiyo. (Mzee wa miaka 42! Lakini mtu anayestaafu akiwa na umri huo ana haki ya kujiita atakavyo.)

Nasaha ya kwanza katika barua hiyo ndiyo hii: ukumbuke kwamba muda ni pesa. Na Franklin hakuishia kwenye msemo, aliupigia hesabu. Chukua mtu, anasema, anayeweza kupata shilingi 10 kwa kazi ya siku moja. Mtu huyo akienda kutembea au akikaa bure nusu ya siku, na katika matembezi hayo akatumia peni 6 tu, asidhani kwamba gharama yake ni hizo peni 6. Amepoteza na shilingi 5 nyingine, zile ambazo angezipata kama angefanya kazi. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, ambao shilingi ilitufikia mwaka 1921 ikichukua nafasi ya sarafu zilizokuwapo, hesabu hiyo haihitaji kufasiriwa sana: peni 6 ni nusu shilingi, yaani sumni, kwa wale wanaolikumbuka neno hilo.

Baada ya hapo barua inaeleza kwamba mkopo nao ni pesa, na kwamba pesa huzaa pesa: shilingi 5 zikizungushwa huwa 6, zikizungushwa tena huwa 7 na peni 3, na kadhalika mpaka pauni 100. Kisha inakuja sehemu ambayo sisi tunaiona kuwa ndiyo roho ya barua nzima, nayo inahusu masikio ya mdai wako. Mtu aliyekukopesha, Franklin anasema, akisikia nyundo yako ikigonga saa kumi na moja alfajiri au saa tatu usiku, moyo wake hutulia na atakuachia pesa zake kwa miezi sita zaidi. Akikuona kwenye meza ya mchezo au akisikia sauti yako kilabuni saa za kazi, kesho yake asubuhi atatuma mtu kudai pesa zake.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini, kwa sababu mara nyingi hukatwa msemo unaponukuliwa. Katika barua ya Franklin muda si pesa kwa kila mtu na kila mahali. Ni pesa kwa fundi mwenye karakana yake, anayeishi kwa mkopo, katika mji ambao jirani anaweza kukusikia ukifanya kazi au ukilewa. Ni nasaha ya biashara, na ni nasaha nzuri. Haikuwa kanuni ya maisha ya wanadamu wote.

Ilifanywa kanuni baadaye. Max Weber, mwanazuoni wa Ujerumani, alipoandika kati ya 1904 na 1905 kuhusu maadili ya Waprotestanti na ubepari, aliichukua barua hiyo ya Franklin kuwa kielelezo cha kile alichokiita roho ya ubepari. Mwanahistoria wa Uingereza E. P. Thompson naye, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967, alionyesha jinsi wafanyakazi wa Uingereza wenyewe walivyofunzwa kwa taabu, kwa vizazi kadhaa, kuishi kwa kengele ya kiwanda. Kabla ya hapo walikuwa watu wa kufanya kazi kwa kuifuata kazi yenyewe: mavuno yakiwa tayari wanavuna, maji yakijaa wanaingia baharini, na Jumatatu wengi wao walikuwa hawafanyi kazi kabisa. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu tutalihitaji mbele.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa kuwa Franklin hakuwa wa kwanza. Gazeti moja la London lililoitwa The Free-Thinker, lililoongozwa na Ambrose Philips, lilichapisha katika toleo lake la Mei 1719 kisa cha mwanamke mmoja aliyeijua vyema thamani ya wakati. Mwanamke huyo hatajwi jina. Mume wake alikuwa mshona viatu, fundi hodari, ila dakika kwake hazikuwa na maana. Mkewe alimwambia mara kwa mara kwamba muda ni pesa, na mume hakusikia, na kutosikia huko ndiko kulikomfilisi.

Kisa kinaendelea hadi kilabuni. Mshona viatu amekaa na wenzake, na mmoja wao anasema saa imeshagonga mara kumi na moja. Yeye anajibu: kumi na moja ni nini, tukigawana sote tuliopo hapa? Mkewe anamtuma mtoto aje amwambie imeshagonga kumi na mbili. Mwambie atulie, anasema, haiwezi kuzidi hapo. Mtoto anarudi tena: imegonga moja. Mwambie afarijike, anasema mshona viatu, haiwezi kupungua hapo.

Franklin alikipenda kisa hiki hata akakitia katika almanaka yake ya mwaka 1751, miaka mitatu baada ya barua yake. Kwa hiyo kwa ushahidi wa maandishi, mhenga wa kwanza wa msemo wetu ni mke wa fundi viatu katika gazeti la London, na neno lake la busara liliwahi kuchapishwa Franklin akiwa kijana wa miaka 13. Mwanamke huyo, tuongeze, hakuwa anatoa nasaha kwa wafanyabiashara. Alikuwa anahangaikia chakula cha nyumbani.

Hapa tunawaomba walimu wa tafsiri wasimame kidogo pamoja nasi, kwa sababu kisa hiki ni zoezi zuri sana la darasani. Kijaribuni kukitafsiri kwa Kiswahili bila kutumia hila yetu ya "kugonga mara kumi na moja", muone kitakachotokea. Saa ya Ulaya inapogonga mara kumi na moja, kwetu ni saa tano. Inapogonga kumi na mbili ni saa sita, na inapogonga moja ni saa saba. "Saa sita haiwezi kuzidi" ni uongo mtupu, na "saa saba haiwezi kupungua" ni upuuzi. Mzaha wote umekufa.

Katika hesabu ya Kiswahili kituo cha kugeukia si saa sita. Siku yetu hugeuka jua linapochwa na linapokucha: kumi na mbili ni mwisho, na moja ni mwanzo. Hesabu hiyo inaeleweka vizuri mahali palipo karibu na ikweta, ambapo jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, na inakwenda sambamba na desturi ya Kiislamu ya kuianza siku mpya wakati wa magharibi. Wala si ya pwani peke yake. Waganda husema ssaawa bbiri kwa saa mbili asubuhi, na Wanyarwanda husema saa mbiri, na wote wanahesabu kama Mswahili anavyohesabu. Basi anayetaka mshona viatu achekeshe kwa Kiswahili hana budi kulihamisha baraza la walevi hadi jioni: saa kumi na mbili, haiwezi kuzidi, saa moja, haiwezi kupungua. Tatizo ni kwamba mwanamume aliyeko kilabuni saa moja ya usiku hajachelewa sana, na mkewe ataonekana msumbufu bure. Ukiokoa mzaha, unapoteza kesi.

Wazo lenyewe, mbali na maneno, ni la kale zaidi. Diogenes Laertius, aliyeandika maisha ya wanafalsafa wa Uyunani, anasimulia kwamba Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba wakati ni matumizi ya gharama kubwa. Plutarch naye analihusisha wazo kama hilo na Antiphon, na anapolitaja ni katika kumlaumu Antony, jemadari wa Roma, aliyekuwa akiupoteza wakati huo wa thamani kwa anasa pamoja na Cleopatra huko Alexandria. Kwa hiyo Afrika imo katika historia hii tangu zamani, ingawa kwa sifa si nzuri. Lakini kusema wakati ni wa gharama si sawa na kusema wakati ni pesa. Antony hakulaumiwa kwa kukosa ujira wa siku.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafunzo yake kuhusu wakati, tena kutoka kwa mtu tunayemjua. Ibn al-Qayyim anapokea kauli ya Imam Shafi'i, aliyefariki mwaka 820, kwamba alikaa na Masufi akafaidika nao kwa maneno machache, na mojawapo ni kwamba wakati ni upanga, usipoukata utakukata. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya imamu huyo, na kauli hiyo husikika katika mawaidha mpaka leo. Hatudai kwamba ukuta wa methali yetu umetokana na upanga huo. Tunachokiona ni undugu wa fikra: katika yote mawili wakati ni kitu kilicho nje ya mtu, chenye nguvu kumshinda, nacho kitamuumiza asipojua jinsi ya kukikabili. Huwezi kuuweka upanga benki.

Na lugha yenyewe inashuhudia. Neno "kushinda" lina maana mbili ambazo mwanafunzi mgeni huzichanganya kila mara: kumzidi mpinzani, na kukaa mahali mchana kutwa. Tunaulizana "umeshindaje?" jioni. "Ukishindana nao" katika methali ya ukuta linatokana na mzizi huo huo. Mswahili hakuutumia mchana kama anavyotumia pesa. Aliushinda, na usiku akaulala au akaukesha. "Kutumia muda" na "kuokoa muda" ni maneno ya juzi, na mwenye sikio anaweza bado kusikia ndani yake mlio wa sarafu.

Msemo wa Franklin ulipoingia katika Kiswahili ulibadilika mahali pawili, na mabadiliko hayo yanastahili kuangaliwa. Kwanza, tunao katika sura mbili, "wakati ni mali" na "muda ni mali". Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, lakini hayalingani. Wakati ni neno pana: wakati wa mvua, wakati wa Mjerumani, kila jambo na wakati wake. Muda ni kipande kilichopimwa, chenye mwanzo na mwisho: muda wa miezi sita, muda umekwisha. Hesabu ya nusu siku na shilingi 5 ni hesabu ya muda. Ndiyo maana sisi tunaona "muda ni mali" ni tafsiri iliyo karibu zaidi na shabaha ya Franklin. Na jaribuni kugeuza upande wa pili, mseme "muda ni ukuta". Msikilizaji atakutazama. Hakuna anayeumia kwa kugonga miezi sita.

Mabadiliko ya pili ni makubwa zaidi. Msemo wa Kiingereza unataja pesa. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha kwa hilo: pesa, lililotoka Bara Hindi, na fedha, ambalo ndilo jina la madini yenyewe. Hata hivyo neno lililokubalika ni mali. Mali ni mashamba, ng'ombe, nyumba, majahazi, bidhaa ghalani. Katika historia ya pwani, kwa masikitiko, na watu pia walihesabiwa humo. Mali hurithiwa. Mali, kama methali inavyosema, bila daftari hupotea bila habari. Pesa hupita mkononi, mali hukaa. Kwa hiyo Mswahili anayesema muda ni mali anasema kitu cha heshima zaidi kuliko alichosema Franklin, lakini pia ameifuta ile hesabu ya ujira na riba iliyoupa msemo makali yake. Mwanafunzi anayeandika "muda ni mali" kwa maana ya "muda ni kitu cha thamani" hajakosea Kiswahili. Amekosea tu anapodhani kwamba ndicho kilichosemwa Philadelphia.

Je, ina maana kwamba Waswahili hawakujua uhusiano wa muda na pesa mpaka walipofundishwa na vitabu vya shule? Hapana. Waliujua vizuri sana, ila ushahidi wake haumo katika methali, umo katika msamiati wa kazi.

Chukueni neno mshahara. Asili yake ni Kiarabu, na ndani yake limo neno la mwezi, shahr. Mshahara ni malipo ya mwezi kwa maana halisi ya neno. Kutoka Kiswahili lilisafiri hadi bara: Waganda wanasema omusaala, Wanyarwanda na Warundi umushahara, na wanaolitumia hawakumbuki tena mwezi wowote. Kwa lugha nyingine, muda uligeuzwa pesa ndani ya neno hilo bila methali kuhitajika.

Kibarua ni neno la pili, nalo lina historia chungu. Ni barua ndogo, kikaratasi. Katika mji wa Unguja wa karne ya 19 mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku hiyo, akakirudisha alipolipwa, na jina la kikaratasi likamhamia mtu mwenyewe. Wengi wa vibarua wale walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya malipo, mara nyingi nusu, ilikuwa ya bwana. Siku ya mtu ilikuwa pesa kweli kweli. Swali lilikuwa ni pesa ya nani, na hilo ni swali ambalo fundi wa Franklin, mwenye nyundo yake na karakana yake, hakuwa na haja ya kuliuliza.

Kisha kuna kipande. Chini ya wakoloni, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na kwingineko, mfanyakazi alikuwa na kadi ya siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na malipo yalitolewa kadi ilipojaa. Siku asiyofanya kazi haikuhesabiwa, hivyo "mwezi" wa kipande ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Mshahara, neno lililozaliwa na mwezi wa angani, sasa likalipwa kwa mwezi wa karatasi. Nchini Kenya jina hilo la kipande lilikwenda pia kwa cheti cha utambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimika kukibeba kuanzia miaka ya 1919 na 1920, nacho kilikuwa na maelezo ya kazi na waajiri wao.

Mambo hayakuwa ya upande mmoja, hata hivyo. Bandarini Mombasa vibarua waliijua thamani ya siku zao wakaitumia kwa faida yao. Mtu alijitokeza kazini siku alizotaka, na siku nyingine alikuwa shambani kwake au kwenye biashara ndogo ndogo. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu bandari hiyo, anaonyesha jinsi utawala na makampuni yalivyokerwa na uhuru huo, na jinsi, hasa baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947, walivyofanya bidii ya kuugeuza umati wa vibarua kuwa wafanyakazi wa kudumu wenye kuja kila siku. Wazungu waliona watu wasiojua thamani ya muda. Kwa macho yetu, walikuwa watu waliokataa kuuza muda wote.

Hapo ndipo panapotuuma sisi walimu. "Muda ni mali" hutumiwa mara nyingi kama kiboko cha kuwachapia watu: Mwafrika hajali wakati, saa zake ni za Kiafrika, ndiyo maana hajaendelea. Ukiongeza "wahenga walisema", kiboko kinapata baraka za mababu. Lakini tulikwisha kuona kwa Thompson kwamba wafanyakazi wa Uingereza walilaumiwa kwa maneno karibu yale yale, na mshona viatu wa London hakuwa Mwafrika.

Hapa Uganda mjadala huo unatuhusu kwa karibu zaidi. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere kati ya 1964 na 1974, alitoa mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na ndani yake akachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kuwa majina ya pande mbili za wakati kama Waafrika wa jadi wanavyouona. Wakati ujao, alisema, karibu haupo, kwa kuwa lugha alizozichunguza, Kikamba na Kigikuyu, hazina njeo za kwenda mbele zaidi ya miaka miwili hivi. Alieleza pia kwamba Mwafrika wa jadi hauzi wala hanunui wakati, yeye huutengeneza. Kauli hiyo ya pili ina mengi ya kutufunza. Ile ya kwanza ilipingwa, na mmoja wa waliopinga ni Kwame Gyekye wa Ghana katika kitabu chake cha 1987. Sisi wa Kiswahili tungeweza kuongeza jambo dogo la msamiati: lugha iliyomkopesha Mbiti maneno yake mawili ina pia kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne za mbele, kila moja na jina lake. Lugha ngapi za Ulaya zinaweza kusema hivyo?

Tumalizie na andiko ambalo wanafunzi wa fasihi na historia wanapaswa kulisoma sambamba na barua ya Franklin, kwa sababu liliandikwa kwa Kiswahili na linahesabu saa. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, linataja mfanyakazi wa mjini anayefanya kazi saa saba na nusu au nane kwa siku, jumla yake ikiwa kama saa 45 kwa wiki. Linawataja wanaume wa vijijini ambao saa zao ni chache kuliko hizo. Na linawataja wanawake wa vijijini, ambao wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Lakini andiko hilo hilo, lenye kuzihesabu saa kwa ukali kuliko methali zetu zote, linakataa katakata kwamba pesa ndiyo msingi wa maendeleo. Msingi, linasema, ni watu na juhudi zao. Ni hesabu ya Franklin iliyoondolewa shilingi. Mtu anaweza kukubaliana nayo au kuikataa, na yaliyotokea Tanzania katika miaka iliyofuata yanampa kila upande hoja zake.

Kwa zoezi la darasani tunapendekeza hivi. Wanafunzi wapewe kisa cha mshona viatu, barua ya Franklin kwa muhtasari, kauli ya upanga, na ile sehemu ya Azimio kuhusu saa za kazi. Waulizwe katika kila andiko muda ni wa nani, na nani anayelipwa. Wasiishie kwa mshona viatu, wamfuatilie na mkewe: alikuwa akifanya kazi saa ngapi kwa siku, na nani alizihesabu? Baada ya hapo waandike insha, na anayetaka kuanza na "muda ni mali" aruhusiwe, ila atuambie ni nani aliyesema.